Nchi Iliyoitwa Jumapili

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya, hata nikiwa peke yangu chumbani. Na siku hizi niko peke yangu sana, kwa hiyo naikumbuka mara nyingi. Kaa nikusimulie. Wewe bado una miaka ya kuyarekebisha mambo yako. Mimi yangu nimeyarekebisha nusu tu.

Mimi ni mzaliwa wa hapa Rumonge, kando ya ziwa huku Burundi, upande wa Kizuka, lakini nimekulia Tanzania. Nilikuwa na miaka sita tulipokimbia mauaji. Baba alinibeba mgongoni. Mama hakufika. Tukapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Tabora, katikati ya pori, mbali na maji yoyote ya kuitwa ziwa, na Baba, ambaye hapa alikuwa mvuvi, akajifunza kulima tumbaku. Kila tarehe mosi Julai, siku ya uhuru wa Burundi, alikuwa anavaa koti lake moja akakaa nje ya nyumba kuanzia asubuhi. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Mtoto haulizi anachokiona kila mwaka.

Nilipokuwa kidato cha pili tukaletewa mwalimu mgeni, Mwalimu Eudora. Alikuwa mwanamke mweusi kama sisi, mrefu, wa miaka arobaini hivi, aliyeletwa na watu wa kanisa kutufundisha jiografia na Kiingereza. Sote tulidhani ni Mmarekani. Siku ya kwanza akabandika ukutani bendera ya kijani yenye msalaba wa mistari ya njano, nyeusi na nyeupe, na katikati duara jekundu. Ndani ya duara alikuwamo kasuku, amezungukwa na nyota kumi.

"Hii ni nchi yangu," akasema. "Dominika. Ni kisiwa kidogo katika bahari ya Karibi. Msikichanganye na nchi kubwa ya jirani yenye jina linalofanana na hili. Kule wanasema Kihispania. Sisi ni wengine."

Akatueleza kwamba Wazungu wa kwanza walikiona kisiwa hicho siku ya Jumapili, wakakiita kwa jina la siku hiyo katika lugha yao. Hawakuwauliza wenyeji, ambao tayari walikuwa na jina lao, Waitukubuli, maana yake mwili wake ni mrefu, kwa ajili ya milima. Akatueleza jinsi watu wake walivyoletwa kutoka Afrika wamefungwa minyororo, na jinsi baadhi yao walivyotoroka wakaishi huru huko juu milimani ambako wanajeshi hawakuweza kuwafuata kirahisi. Wakaja Wafaransa, wakaja Waingereza, na uhuru wenyewe ulikuwa umepatikana miaka michache tu kabla yeye hajaja kwetu. Kasuku yule, akasema, haishi mahali pengine popote duniani. Nyota kumi ni wilaya kumi za kisiwa.

Alikuwa anaeleza huku ameishika ile bendera kwa pembeni, kama mtu anayemtengeneza mtoto kola ya shati. Na mimi, mwanangu, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo wewe ni raia wa Jumapili?"

Darasa zima likacheka. Yeye naye akacheka kidogo, kwa adabu. Tangu siku hiyo tukamwita Bi Jumapili, na jina hilo nililitunga mimi.

Wiki chache baadaye akatugawia karatasi, kila mmoja achore bendera ya kwao. Wenzangu wakaanza kuchora. Mimi nilijua tu kwamba yetu ina nyota, lakini ni ngapi, na rangi zinakaa upande gani, sikujua. Nilikuwa nimeondoka mdogo, na nyumbani hatukuwa na picha hata moja. Ya Tanzania niliijua vizuri, lakini kuichora niliona ni kama kuiba. Nikamrudishia karatasi tupu. Akainama mezani kwangu akaniuliza polepole, "Kwenu hakuna bendera?" Aliuliza kwa upole, naapa, lakini nilisikia kama kofi.

"Afadhali mimi nisiye na kitu," nikamjibu mbele ya wote. "Wewe nchi yako ni ndogo kama kitongoji, ina kasuku badala ya simba, na bado unaringa nayo."

Hakunipeleka kwa mkuu wa shule. Akasema, "Ni ndogo, ndiyo. Lakini nikiwa huku naikosa yote."

Ilipokaribia tarehe tatu Novemba akatuita wasichana sita. Ilikuwa siku ya uhuru wa kwao. Akatuomba twende nyumbani kwake mchana, atatupikia chakula cha kwao. Aliniita na mimi pia, tena mimi wa kwanza. Tukaitikia wote.

Siku ilipofika, nikawaambia wale watano, "Tukasherehekee kasuku kweli?" Wakacheka. Basi tukashuka kisimani, tukakaa huko kusukana nywele mpaka jua likaanza kupungua. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Ukilitazama kwa nje si kitu: wasichana hawakwenda kula.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Baba amekaa kwenye kigoda, amevaa lile koti la Julai, na ilikuwa Novemba.

"Mukobwa wanje," akaniita, yaani binti yangu kwa Kirundi. "Nimetoka kwa mwalimu wako. Nilikuwa napita na mzigo wa kuni, akaniita kutoka mlangoni. Nilipoona alivyovaa nikamwambia kwa mikono anisubiri. Nimekuja kuvaa, nikarudi."

Akanieleza. Mwalimu alikuwa amevaa sketi ndefu ya mirabamiraba, blauzi nyeupe yenye lesi, na kilemba cha kitambaa kile kile cha sketi. Mezani palikuwa na sahani saba, na sufuria ya mchuzi wa majani ya magimbi uliotiwa nazi. Nazi, huko Tabora! Sijui aliagiza kwa nani. Baba hakujua Kiingereza, na Kiswahili cha mwalimu kilikuwa cha kubahatisha. Lakini Baba alikuwa na maneno machache ya Kifaransa cha misheni, na lugha ya kisiwani kwake mwalimu ilikuwa Kifaransa kilichokandwa upya na midomo ya Waafrika. Mwalimu akasema *manjé*, Baba akaelewa kula. Akasema *dlo*, Baba akaelewa maji. Baadaye akagusa kifua chake akasema *péyi mwen*, nchi yangu, na akaanza kulia, na Baba akaelewa hilo pia.

"Tumekula wawili," Baba akasema. "Sahani tano zimebaki safi. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikavuta kanga kufunika nywele zangu zilizosukwa upya.

"Mimi nimekaa hapo nje kwa koti hili miaka yote hii. Hakuna mtu aliyewahi kusimama akaniuliza, mzee, leo kuna nini. Hata wewe. Nilidhani ni kwa sababu hujui. Kumbe hata ukiitwa huendi."

Hakunipiga, hakupandisha sauti. Akavua koti akalikunja. Natamani angenipiga.

Nilipanga kumwomba msamaha Mwalimu Eudora. Nilipanga kila Jumatatu. Alinifundisha mpaka mwisho wa mwaka kana kwamba hakuna lililotokea, akaniazima hata vitabu, na kadiri alivyokuwa mwema ndivyo nilivyozidi kushindwa kuanza. Muda wake ukaisha, akaondoka. Siku ya mwisho aliandika ubaoni jinsi ya kumwandikia barua. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani.

Baba alizikwa kule kule, kwenye udongo wa tumbaku. Nilirudi Burundi mtu mzima, mjane, mtoto pekee niliyemzaa amebaki Mpanda na uraia wake wa Tanzania. Nilipofika Kizuka nikakuta shamba letu lina michikichi ya watu wengine, watu walioishi pale maisha yao yote, ambao nao walikuwa hawana pengine pa kwenda. Tuligawana kwa amri ya tume ya ardhi, na hatujawahi kuzoeana. Nikapanga chumba hapa mjini, nikaanza kuuza mawese sokoni. Kirundi changu kilikuwa cha mtoto wa miaka sita. Wanawake wa sokoni wakaniita Mutanzania. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanacheka tu, kama nilivyocheka mimi.

Tarehe mosi Julai ya kwanza nilinunua vitenge vipya nikaenda kwenye gwaride. Nilikuwa nimeisubiri siku ile tangu utotoni. Nilisimama kwenye umati, bendera ikapandishwa, nikazihesabu zile nyota, tatu, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, "Kumbe ni tatu." Nikarudi chumbani nikapika, nikala peke yangu. Ndipo nikamwelewa Mwalimu Eudora.

Nikamwandikia. Nikaandika jina lake, kijiji chake, na Dominika. Barua ikazunguka miezi mingi, ikanirudia na mihuri ya Kihispania. Ilikuwa imekwenda nchi ile nyingine, ile aliyotuonya tusiichanganye na yake. Nikampigia simu Josefina, mmoja wa wale wasichana watano, ambaye yuko Tanzania mpaka leo na bado ametunza madaftari yake ya shule. Akanisomea anwani nzima: Jumuiya ya Dominika, visiwa vya Karibi. Nikaandika tena.

Jibu lilitoka kwa binti wa ndugu yake. Mwalimu Eudora alikuwa amefariki. Shangazi, akaandika, alipenda sana kusimulia habari za Afrika, na kila tarehe tatu Novemba aliwataja wazee wote aliowahi kula nao sikukuu, na mmoja wao alikuwa mkimbizi aliyekwenda kuvaa koti kwanza ndipo akaja mezani. Aliuliza kama ninamfahamu mzee huyo. Juu ya msichana aliyekataa kuja, barua nzima haikuwa na neno. Hakunitunzia kinyongo, mwanangu. Hakunitunza moyoni kabisa.

Sasa nina jirani, Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, amepanga chumba kinachopakana na changu. Siku ya uhuru wao ni tarehe thelathini Juni, kesho yake ndiyo yetu. Mwaka jana nikavaa vizuri, nikanunua mukeke wabichi watatu ufukweni, nikabisha hodi. Nilimkuta ameinamia beseni.

"Amahoro, Mama Furaha. Nimekuja kukupa heri ya sikukuu."

Akanitazama, povu mikononi. "Fête gani, mama? Mimi niko nafula nguo. Mwaka huu sina roho ya fête."

Nikaona aibu, nimesimama na samaki wangu kama muuzaji aliyekosea nyumba. Nikataka kugeuka. Miguu ikakataa. Nikakaa kwenye kizingiti, nikaanza kuparua magamba. Akafua, nikaparua. Baada ya muda akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Kwenu Tanzania walikuwa wanakuitaka nani?"

"Mrundi," nikamwambia. "Na hapa wananiita Mutanzania."

Akacheka, akakaa chini na nguo zake mbichi, akaanza kunisimulia nyumba aliyoiacha Uvira, mlango wake ulikotazama, jinsi ziwa hili hili linavyoonekana kutoka upande ule. Tulikula jioni. Hakuna aliyetaja sikukuu tena.

Basi nisikie, mwanangu. Usiicheke nchi ya mtu, hata ikiwa ndogo kiasi gani, hata jina lake likiwa la siku ya wiki. Akikuonyesha bendera yake, uliza kila alama maana yake nini, kisha nyamaza usikilize. Akikuita mezani siku yake, nenda. Na asipokuita, bisha hodi hata kama utamkuta anafua. Ukimkosea, kamwombe msamaha wiki ile ile, maana anwani hupotea na watu hufa. Na mzee wa nyumbani kwako anayevaa vizuri siku ambayo wewe huielewi, mkalie karibu umuulize leo kuna nini.

Mungu akupe mahali pa kuita kwenu. Ukikaa ugenini, akupe mtu wa kula naye. Na mgeni akikaa jirani yako, mtu huyo uwe wewe.