Jua Lililochagua Kamba Zangu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki kule Mwera, nami nikatolewa darasa la tatu. Sikuililia shule, nilimlilia baba. Tangu siku ile nimekula nilichokitafuta mwenyewe. Nimeuza kuni, nimeuza chapati za maji stendi, nimesuka makuti ya paa za watu hadi vidole vikaota sugu, mpaka mwani ulipofika pwani yetu nikawa katika wale wa mwanzo kuingia majini na vigingi. Sikurithi hata sufuria. Na mtu asiyerithi kitu huumia zaidi akiona chake kinakufa na cha mwenzake kinanawiri.

Huyo mwenzangu ni mke mwenzangu. Mume wetu alimwoa mie nikiwa tayari na nyumba yangu na jina langu. Alimtoa upande wa Mkinga, mtoto wa wavuvi, anaogelea kama kazaliwa humo humo majini. Kila asubuhi huniamkia, "Shikamoo dada," kwa sauti laini, nami huitikia marahaba kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Nampa haki yake: hajawahi kunikosea adabu. Hilo nalo linaniudhi.

Mwani hulimwa hivi. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakitoka, bahari hurudi nyuma mbali, tukaenda kwa miguu. Tunapigilia vigingi mchangani, tunavuta kamba, tunafungia vipande vidogo vya mwani, ndiyo mbegu. Ukikomaa unavuna, unabakiza kidogo cha kupandia tena. Ukiumaliza wote huna mbegu, na usipokuwa na mbegu unarudi kuomba kwa watu. Mie sirudi huko.

Mwaka juzi wakati wa kaskazi maji yalikuwa ya moto, unatia mguu unautoa. Mwani wangu ukaanza kuwa mweupe nchani, ukalegea, ukakatika. Nilikwenda bamvua moja nikaacha kamba zimejaa. Nimerudi bamvua la pili, kamba zi uchi kama za kuanikia nguo. Nikapanda tena. Ukafa tena. Nikiinua macho naona kule mbele, maji yanakoanza kuwa meusi, kamba za yule zinaelea juu ya madumu, mwani umeshona, mnene, wa kahawia. Na kwenye yale madumu, vitambaa vyekundu vinapepea.

Nani aliyekulia pwani hii asijue kitambaa chekundu? Sikuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mume wetu, nikamkuta anakula.

"Mkeo ananiloga," nikamwambia.

"Yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Akamega tonge. "Bi mkubwa, msinitie kwenye maji yenu. Mie hata kuogelea sijui."

Huyo ndiye mwanamume niliyemtunza.

Baadaye akaja binti mmoja wa idara ya uvuvi, mtoto wa Kisambaa mwenye maneno ya upole. Tulikaa naye bandani, kwenye chanja tunazoanikia mwani, mume wetu na mke mwenzangu nao wakiwemo. Akasema bahari inapata moto kwa sababu hali ya hewa ya dunia nzima inabadilika, na mwenye swali aulize. Watu wa kwetu ukiwaambia waulize, hawana haya.

Mzee mmoja mnunuzi wa mwani akaanza. "Binti, si ndiyo lile tundu la angani? Jua linapita kavukavu."

"Lile ni jambo jingine, babu. Lina madhara yake, lakini joto hili halitoki huko."

"Basi jua limesogea," akasema jirani yangu.

"Halijasogea, mama. Ni moshi wa mafuta na gesi na makaa ya mawe, umekuwa mwingi hewani miaka na miaka. Ni kama mtu aliyejifunika shuka, ukamwongezea ya pili na ya tatu. Jua ni lile lile, ila joto likiingia halitoki vizuri. Na sehemu kubwa ya joto hilo inamezwa na bahari."

"Mbona kwenu Lushoto mwaka huu baridi imewatoa machozi?" mwingine akamtania. "Shuka zenu zimetoboka?"

Akacheka naye. "Baridi ya wiki mbili haifuti joto la miaka thelathini. Muulize bibi yako kama maji ya pwani yalikuwa ya moto hivi."

"Bibi yangu kafa."

"Basi muulize huyu." Akanionyesha mie. Banda zima likacheka, nami sikucheka.

Mwanamke mmoja mchoma mkaa akauliza kama na moshi wake umo, kwa kujikunyata kama ni yeye aliyeiunguza dunia. Binti akamjibu kwamba kukata mikoko ni kujiharibia pwani yetu wenyewe, hamfichi, lakini moshi mkubwa umetoka kwenye viwanda na magari na mitambo ya umeme ya nchi tajiri, tangu zamani, na sisi mchango wetu ni mdogo mno.

Hapo ndipo niliposimama. Nilikuwa na swali moja tu, na nililileta kutoka nyumbani.

"Hilo joto ni la dunia nzima?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi niambie. Jua la dunia nzima limekuja pwani hii, likapita watu wote, likachagua kamba zangu, likaacha za yule pale. Jua lina macho? Lina wivu?"

Wote wakamgeukia mke mwenzangu. Yeye akatazama kucha zake.

Binti hakubabaika. "Kamba zako ziko wapi, bibi?"

"Pwani. Penye maji ya magoti."

"Na zake?"

"Huko kwenye kina, ambako mtu mwenye akili zake haendi."

"Weka maji kidogo kwenye sinia juani, na mengine kwenye pipa. Yapi yatapata moto upesi? Wako uko kwenye sinia. Wake uko kwenye pipa. Mwani ukizidiwa na joto unadhoofika, unaugua, unakatika. Hata yeye asijisahau, miaka ikienda hivi pipa nalo litapata moto."

Nikakaa. Si kwamba niliridhika. Nilikuwa nimenyang'anywa mtu wa kumlaumu. Mtu wangu alikuwa chumba cha pili, naweza kumnunia asubuhi na jioni. Sasa naambiwa ni mitambo nisiyoijua, ya nchi nisizofika, na watu waliokufa kabla sijazaliwa. Hao nitawanunia vipi? Nikajaribu mara ya mwisho.

"Na vile vitambaa vyekundu?"

Mke mwenzangu akainua uso, akashangaa kweli. "Dada, lile si gauni langu la zamani? Lile aliloninunulia mume wetu Ngamiani, jekundu la maua. Limechanika, nikalifungia madumu ili mashua zisinikatie kamba."

Afadhali angeniambia ni uchawi. Uchawi ningeutafutia dawa. Gauni la Ngamiani! Mie huyu mume, tangu anioe, ameninunulia kandambili na mwavuli, na mwavuli nilimrudishia pesa yake. Nikageuka kumtafuta. Alikuwa amesimama mlangoni, na papo hapo akakumbuka kuswali.

"Alasiri bado, mzee!" wanawake wakampigia kelele. "Rudi ueleze gauni!"

Nilibakiwa na mbegu ya kamba moja. Nikiipanda pwani inakufa, nisipoipanda inakufa. Jioni ile mke mwenzangu akabisha hodi kwangu, akasema nimpe akanifungie kwenye kamba zake. Nikakataa. Mali yangu isitunzwe na mtu anayevaa maua ya mume wangu.

"Basi twende wote, dada. Ufunge mwenyewe. Mie nitakushika."

Nilikwenda. Nilipanda mtumbwi wa mwanamke yule nikiwa nimejifunga dumu tupu kiunoni, nakariri dua zote ninazozijua, na yeye ndani ya maji kama pomboo, ananipa kamba, ananishika kifundo cha mguu nisianguke. Nilifunga mbegu zangu zote kwa mkono wangu. Fundo langu halifunguki. Zilishika. Nilivuna, nikabakiza mbegu, nikapanda tena. Na nilipomwona anavyozama na kuibuka, anavyocheka na maji yanamtiririka usoni, nikaelewa gauni lilinunuliwa kwa nini. Kuelewa hakukunipunguzia kitu.

Leo nina nyumba Nguvumali, vyumba sita, vinne nimepangisha. Nina shamba la minazi Mwera, pale pale alipozikwa baba. Nina cherehani, kitanda cha mvule, mbuzi saba. Nina kamba arobaini kwenye kina. Nina nusu ya mashua ya injini. Nusu nyingine ni ya mke mwenzangu, na usukani anashika yeye.