Shingo ya Mdogo Wangu

Hapa Bukavu mtu haugui hivi hivi tu. Tumbo likiuma, ni karuho. Ukikonda, karuho. Ndiyo hiyo sumu ambayo hakuna aliyewahi kuiona, ila kila mtu anamjua aliyeitia. Kwa hiyo mdogo wangu alipopinda shingo mezani, mchana kweupe, macho yameganda darini na ulimi umemtoka nje, nilijua kabisa shangazi yetu atasema nini.

"Wamemupa karuho! Huyu mutoto alikula kwa nani?"

"Tante, ni dawa. Alianza dawa wiki hii."

"Dawa gani inakunja shingo ya mutu?"

Mdogo wangu alikuwa amesumbuliwa na sauti za kichwani kwa miezi. Zilimtukana, zilimkataza kula, zilimfanya aache kazi. Hospitali ilipompa vidonge, hatimaye alilala, akaoga bila kusukumwa, akaanza hata kunitania. Tukapumua. Sasa hii shingo.

Kabla sijavaa viatu, jirani alikuwa ameshaingia na kikombe cha majani machungu ya kutapisha. Huku mtaani kwetu Kadutu nyumba zimebanana. Ukipiga chafya, pole inatoka nyumba ya pili. Na mwenye kosa alikuwa ameshapatikana: mama mmoja wa sokoni aliyempa sahani ya maharage. Maskini, na ukarimu wake! Wakamshika mdogo wangu wamnyweshe, mtu ambaye hata mate yanamshinda kumeza. Nilikipiga kile kikombe, kikamwagika chote. Wakasema kichaa sasa ni mimi. Haya, sawa.

Tulishuka kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshika kichwa. Hospitalini muuguzi hakushtuka hata kidogo. Alimdunga sindano, na baada ya muda shingo ikaanza kulegea. Akanieleza kwamba dawa hizi, hasa mwanzoni, zinaweza kukaza misuli ya shingo, ya macho, ya taya. Ipo dawa ya kuilegeza, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha vidonge. Ila mgonjwa asiviache ghafla kwa uamuzi wa nyumbani, aletwe haraka. Kisha akamgeukia mdogo wangu mwenyewe. Katika kelele zetu zote, hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu.

"Shingo ilianza kukuvuta siku gani?"

"Jana."

"Juu ya nini haukusema?"

Alitazama mikono yake. "Kama ningesema, kule nyumba wangezitupa dawa. Na zile sauti zingerudia."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na sikujua nimpe nani. Mtu anauma meno siku nzima na shingo inayokazwa, kwa sababu anatuogopa sisi kuliko maumivu.

Shangazi alitupokea mlangoni kwa vigelegele. Alimshika mdogo wangu mashavu, akaigeuza shingo kushoto na kulia, akamshukuru Mungu kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni.

"Na vile vidonge vyako, usiogope tena," akamwambia. "Nimevitupa vyote mu choo."

Nilifungua mdomo nimpe maneno yake. Mdogo wangu alinishika mkono wa shati, akaninong'oneza mimi mkubwa wake:

"Yaya, turudie hospitali sasa hivi. Kabla zile sauti hazijajua."