Nukta ya Mwisho Ataiweka Amekaa

Saa kumi na mbili asubuhi. Treni inaondoka stesheni kwa mshtuko, vikombe vinagongana kwenye toroli ya chai, na Mama Nukta anacheka.

"Haya, imeamka," anasema.

Anakaza breki ya toroli kwa mguu, anaegemea mlango wa behewa, anatandaza karatasi juu ya sinia lililopinduliwa na kuanza kuandika. Amesimama.

Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake. Treni ikitembea haweki nukta, mkato tu. Nukta ni mpaka stesheni. Ndiyo maana riwaya zake sita zina sentensi zinazopanda milima na kuvuka madaraja kabla ya kupumua.

"Mhariri mmoja aliniambia nizikate. Nikamwambia, mwanangu, hapo katikati hakuna stesheni. Ukitaka kushuka, ruka."

Alipenda safari kabla hajajua kusoma. Utotoni aliwasindikiza jamaa stesheni na kurudi analia, si kwa kuwa wameondoka, bali kwa kuwa yeye amebaki. Kazi ya uhudumu aliiomba kwa ajili ya dirisha.

Lakini dirisha hilo amelitazama miaka thelathini akiwa wima. Kanuni inasema mhudumu haruhusiwi kukaa treni ikitembea. Iliandikwa na nani? Na mtu aliyekuwa amekaa, bila shaka, tena kwenye kiti cha kuzunguka. Wahudumu waliomba viti vya kukunja, na wakubwa wanne, mmoja baada ya mwingine, wakaahidi kulitazama suala hilo. Wakalitazama kweli, wakastaafu, na miguu ya akina mama ikaendelea kuvimba. Wapo wanaosahau ahadi hizo. Sisi tunaosafiri naye hatumo.

Leo ni safari yake ya mwisho. Kesho ni mstaafu. Riwaya ya saba imebakiza sentensi moja, na nyumbani kalamu haiendi. Ameshajaribu. Mumewe, fundi cherehani, alimwekea karatasi juu ya meza ya cherehani akapiga pedeli ili itikisike.

"Ikatoka nusu ukurasa," anasema, "shujaa wangu anapindwa suruali!"

Muuza vitambaa, abiria wa siku zote, anamvuta mkono.

"Dada, yule mwanamume mwongo wa kitabu cha tatu ni mume wangu. Usinifiche."

"Shoga, wewe ni wa tisa kuniuliza."

Behewa zima linaangua kicheko.

Stesheni moja kabla ya mwisho, dereva anachungulia dirishani mwake.

"Umemaliza, dada?"

"Bado."

"Basi niende polepole?"

"Thubutu! Watu wana kwao."

Treni inafika mwisho wa reli. Breki zinalia, magurudumu yanatulia. Mama Nukta anaitazama sentensi yake ndefu, anainua kalamu, na kwa mara ya kwanza treni ikiwa imesimama, anaweka mkato.

Mumewe anamsubiri jukwaani, ameshika ndara za kumpumzisha miguu.

"Vipi, imekwisha?"

"Kanunue tiketi mbili za Jumatatu, baba watoto. Za dirishani."

Nukta ya kitabu hiki, anasema, ataiweka akiwa amekaa, kwenye kiti chake mwenyewe, mpaka mwisho wa reli. Na mhudumu akipita na toroli?

"Nitasogea. Nitamwambia, kaa hapa, mwanangu. Wakikuuliza, sema bibi haoni vizuri, unamsomea kitabu."