Homa Iliyodai Jina

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, kule Malinya, mdogo wangu Agneta aliugua homa yenye tabia ya kwenda na kurudi. Asubuhi unamwona akikimbiza vifaranga, jioni meno yanagongana na blanketi hazimtoshi. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, akatobolewa kidole, ikaonekana ni malaria, akapewa vidonge. Akapona kabisa. Miezi ikapita, homa ikarudi. Tena vidonge, tena akapona.

"Neti mnatumia?" Mama aliulizwa kila alipofika. Alijibu kwa hasira kidogo, maana neti aliiheshimu kama Jumapili. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akichomeka pindo zake chini ya godoro letu.

Kukhu, nyanya yetu mzaa baba, alikuwa na maelezo mengine. Alikuwa amepata kuwa na mdogo wake aitwaye Imali, aliyefariki angali msichana. Kwetu watu waliamini kwamba marehemu aliyesahauliwa humjia mtoto akidai jina lake, na mtoto huugua mpaka apewe.

"Hii si mbu," Kukhu alisema, kiganja chake kikiwa kwenye paji la Agneta. "Ni Imali. Anakujanga, anaenda, anarudi kuangalia kama tunamkumbuka."

Mama alikuwa mtu wa kanisa na hakuyapenda maneno hayo. Lakini homa iliporudi tena alichoka kubisha. Ingokho, kuku mnono, akachinjwa, ugali wetu wa obusuma ukapikwa, na Kukhu akamsimamisha Agneta mlangoni, akaita "Imali" kwa upole mpaka mtoto akaitika. Mimi nilipewa paja la kuku nikaamini kila kitu. Na kweli Agneta alinawiri. Mahindi yalipandwa yakavunwa, naye hajaugua. Kukhu alitembea kifua mbele.

Kisha homa ikarudi, kali kuliko zote. Agneta alishindwa kusimama. Kukhu aliketi kando ya kitanda, pindo la leso mdomoni. Mama akaita pikipiki, sote tukaenda hospitali mjini.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliuliza maswali mengi kuliko tuliyozoea, damu ikapimwa, kisha akatueleza. Kuna aina ya malaria, si ile iliyozoeleka sana huku, ambayo vidonge vya kawaida huiondoa kwenye damu lakini mbegu zake hubaki zimelala ndani ya ini. Zikiamka, mtu huugua upya hata kama hakuna mbu mwingine aliyemuuma.

"Kwa hivyo haikuwa imetoka," Kukhu akasema.

"Haikutoka, Mama," daktari akamjibu. "Ilijificha."

Kukhu akanigeukia mimi na kunikazia macho, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikibishana naye.

Dawa ya kuiondoa kwenye ini haikupatikana siku hiyo. Ilibidi iagizwe, na Agneta apimwe damu tena kwanza, kwa sababu kuna watu ambao dawa hiyo huwadhuru. Ilipofika, tuliagizwa ainywe kila siku baada ya chakula, bila kuruka, hata akiwa mzima. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Agneta alishapata nguvu, anaruka kamba, na vidonge vilimsokota tumbo. Alifumba mdomo, akalia. Siku moja Mama mwenyewe alilegea.

"Si amepona? Tumpumzishe."

Kukhu alikuwa akimenya ndizi. Akaacha.

"Imali pia alikuwa anaponanga hivi. Anapona, anacheza, tunafurahi. Inarudi, anapona tena. Siku moja ikarudi, hakuamka."

Hatukuwahi kumsikia akieleza Imali alikufaje. Mama alisimama na kikombe mkononi, asijue akiweke wapi. Kukhu akampakata Agneta, akampa kipande cha ndizi, kisha kidonge.

"Imali, kunywa dawa. Wakati ule hukupata."

Agneta akameza. Tangu siku hiyo ni Kukhu aliyempa, mpaka dawa ikaisha. Homa haikurudi. Akina mama wa kanisa Kukhu aliwaambia kwamba dawa ilifanya kazi kwa sababu hatimaye ilimfikia mwenyewe. Mama alitabasamu tu, akamwacha.

Siku hizi naishi mjini, mtaa wa Shieywe, na redioni nasikia mipango ya kuitokomeza malaria, neti na dawa za kupuliza. Naiombea ifaulu. Ila huwa nawafikiria wale wanaocheka sasa hivi, wanaojiona wazima, huku ugonjwa umelala ndani yao.

Kukhu alishatuacha. Kwa miaka mingi nilimhesabu kuwa mwanamke aliyeogopa wafu. Sasa nina watoto wangu, nimekesha na homa zao, na namwelewa vingine. Alikuwa dada aliyeutazama ugonjwa huo ukimchukua mdogo wake, na hakuna aliyemweleza ulikuwa nini. Alipouona tena kwa Agneta, aliutambua. Kumwogopa Imali hakumwogopa hata kidogo. Aliogopa kumzika mara ya pili.