Utani wa Fundi Lifti

Mume wangu ni fundi lifti, na mdomo wake hauna breki. Akirudi kazini, grisi imempanda hadi viwikoni, anaanza kutuchekesha kabla hata hajanawa. Hicho ndicho nilichompendea, mshahara potelea mbali.

Watu wa usalama walimchukua akiwa juu ya paa la lifti, spana mkononi. Hakushtakiwa kwa lolote. Sheria ya usalama wa taifa, walisema, inaruhusu kumzuia mtu kabla hajatenda kosa. Kabla hajatenda! Nikaanza kumshuku kila mtu: mwenye duka aliyeacha ghafla kunisalimia, jirani aliyefunga dirisha kila nilipoanika nguo, hata wakili wetu, kwa kuwa tu alikuwa na simu mbili.

Serikali iliiambia mahakama kwamba sababu za kumzuia ni siri. Wakili alitaka tubishanie saini na mihuri ya hati ya kumzuia tu. Nikakaza uzi.

"Wazisome mbele ya watu," nilimwambia. "Nataka kujua mume wangu kafanya nini."

"Mama, una uhakika?"

"Wewe omba tu."

Aliomba, jaji akakubali, zikasomwa. Kwamba fundi huyu alitamka: "Siku moja nitawakwamisha wakubwa wote kati ya ghorofa ya nne na ya tano, nao waonje kungoja." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jaji alijifunika mdomo, kisha akasema utani si njama, na akaamuru aachiwe papo hapo.

Mimi sikucheka. Maneno yale aliyasema mezani kwetu, mlango umefungwa. Tulikuwepo yeye, mama yake, mdogo wake na mimi, basi. Nikatazama kizimbani. Naye alikuwa ananitazama.

Nyumbani, mama mkwe alimkumbatia akalia.

"Kaka, umekonda!" shemeji alisema, akicheka peke yake.

"Nimekonda," alijibu, akaenda kunawa.

Nilimwona mama mkwe akimwaga chai nje ya kikombe. Nilimwona shemeji akinikwepa macho. Labda nao walikuwa wanahesabu makosa yangu. Namchukia aliyetufanyia hivi, na inaniuma kwamba sijui nimchukie nani.

Nikampakulia mume wangu chakula, nikamuuliza nilivyozoea kumuuliza tangu tuoane:

"Kesho uko jengo gani?"

Aliweka kijiko chini.

"Kwa nini unataka kujua?"