Saa Moja kwa Ndege

Ofisini walimwita Bi Mawingu, maana alianza kukata tiketi za ndege tangu usichana wake na umbali wa miji alikuwa nao kichwani. Akiulizwa kuhusu mji ule anakokaa mama yake mzazi, alijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Kilomita mia tano na ushei. Saa moja tu angani. Hujakaa vizuri, umeshatua."

Na hiyo saa moja ndiyo iliyomponza. Nawaambieni, kitu kikiwa karibu mno binadamu hukifanyia dharau. Dada yake mkubwa, muuza mitumba, kila mwisho wa mwezi alipanda basi, safari ya kutwa nzima, akashuka miguu imevimba, kwenda kumwogesha mama na kumsuka. Bi Mawingu yeye alisema, "Mimi nikitaka, asubuhi naondoka, mchana nakula na mama." Akitaka! Mwezi huu wateja wengi, mwezi ujao mkubwa wake wa kazi yuko likizo, baadaye mvua. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Miaka mitatu ikakatika hivyo hivyo. Kumpenda mama alimpenda, hilo mtu asilipinge. Kila Jumapili alimpigia simu.

"Twende wote basi," dada alikuwa akimwambia.

"Kwa basi? Kiuno changu bado nakihitaji."

"Haya, bibi wa mawinguni. Sisi wa vumbini tutakusalimia."

Siku moja mdogo wao, kinyozi, ambaye ndiye aliyekaa na mama, akapiga simu. Hakuwa na utani. "Dada, mama anasahau watu. Alianza na majirani, jana kanisahau mimi, akaniuliza natafuta nani. Njoo kabla hajafika kwako."

Bi Mawingu aliinuka na wateja wakiwa wamekaa mbele yake. Tiketi yake aliikata mwenyewe, akakosea herufi za jina lake akafuta akaanza upya. Ndege haikuchelewa hata kidogo. Njia nzima aliomba jambo moja tu, mama amtambue.

Alimkuta uani amekaa mkekani, kichwa amekilaza kwenye mapaja ya dada, aliyekuwa ametangulia na basi lake. Dada alikuwa akimchana nywele taratibu. Mikono ile mama bado aliijua.

"Mama, nimekuja."

Mama akainua kichwa, akamtazama, akatabasamu kwa adabu. "Karibu, karibu. Jamani, mleteeni mgeni kiti."

Kinyozi akaenda akaleta kiti.

"Ni mimi, mama. Mwanao wa pili."

"Ahaa," mama akasema, akiitikia kwa kichwa kama mtu asiyetaka kumvunja mwenzake moyo. "Umetoka mbali?"

Bi Mawingu akakaa kwenye kile kiti, akalia mbele yao wote, bila kujificha. Dada akageuza uso, chanuo mkononi.

Mama alimwonea huruma kweli. Akaunyoosha mkono wake mkavu, akamshika kiganja.

"Usilie, binti. Ni uchovu wa njia huo, utaisha. Mama yako anajua kwamba umefika? Mpigie simu, atakuwa anakungoja."