Niliuza ng'ombe wa mama nikanunua beach house Musoma Vijijini, halafu nikashusha mawe ya paa ili picha zitoke vizuri

Wakuu, habari za humu ndani.

Leo nimekuja kujianika mwenyewe kabla hajatokea mtu wa Bunda kunianika. Nitakayoandika ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi kuliko hii.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Bunda. Nafundisha Geography. Hilo somo lishikeni, mtalihitaji huko mbele.

Nyumbani kwetu ni Butiama, familia ya wafugaji. Baba alipofariki alimwachia mama ng'ombe kumi na mmoja. Mama anawajua kwa majina, kwa tabia, na kwa mama zao. Asubuhi watoto wa majirani walikuwa wanapita na vikombe kuchota maziwa kwetu, na hakuna aliyeulizwa chochote.

Sasa mimi nikapata akili.

Nilienda semina mkoa mwingine, tukalala kwenye nyumba ya mtu binafsi ufukweni, mwenyewe anapangisha kwa wageni kwa siku. Nikakaa kwenye kiti cha kamba, juisi mkononi, nikawaza: sisi Mara tuna ziwa lote lile, kazi yetu ni kuvua sangara na kufua nguo tu?

Niliporudi nikatafuta dalali. Akanipeleka kijiji kimoja mbele ya Suguti, pembeni kabisa mwa ziwa. Kijiji sikitaji, wana mambo yao ya kufanya.

Nyumba ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Vyumba vitatu, baraza pana, madirisha makubwa ya vioo yote yanaangalia ziwa. Aliyeijenga alishahamia Mwanza na alikuwa na haraka ya kuuza. Haraka yake mimi nikaiona bahati yangu.

Kuna vitu viwili niliviona siku ile ile, na vyote nilivicheka.

Cha kwanza, nyumba zote za jirani zilikuwa zimelipa ziwa mgongo. Milango inaangalia kilimani. Upande wa ziwa ni ukuta mtupu, au kidirisha kisichozidi daftari. Nikamwambia dalali, "Hawa watu wana view ya bure, wao wanaangalia mihogo." Dalali akacheka sana. Sasa hivi najua alikuwa anacheka nini.

Cha pili, juu ya mapaa kulikuwa na mawe. Mawe makubwa, ya kubebwa na watu wawili. Hata ile nyumba yangu mtarajiwa ilikuwa nayo, yamepangwa upande wa ziwa.

Nikaenda Butiama kumweleza mama.

"Mama, watu wanalipia kulala na kuangalia ziwa."

"Kwao hawana ziwa?"

"Hawana."

"Na wakishaliangalia?"

"Wanaondoka, wanakuja wengine."

"Hiyo nyumba itazaa kama ng'ombe, Makuru?"

"Inazaa kila wikendi, mama."

Aliomba kitu kimoja tu. Nimwachie yule ng'ombe mmoja wa maziwa. Nikamwambia mchungaji wa ng'ombe mmoja analipwa sawa na wa kumi na mmoja, bora tumalize, maziwa nitakuwa namletea ya pakiti. Nikamwekea na neno diversification, eti mali isikae sehemu moja. Wakuu, mama yangu mzazi nilimwambia diversification. Akakubali, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Wakaenda mnadani wote kumi na mmoja.

Basi nikanunua nyumba. Nikapiga rangi nyeupe, kingo za bluu. Nikaweka mapazia mepesi yanayopepea, kama niliyoyaona kule semina. Nikapanda juu ya kichuguu kupiga picha za kuweka mtandaoni, nikagundua yale mawe ya paani yanaifanya villa yangu ionekane kama stoo ya pamba.

Nikamwambia fundi ayashushe.

Jirani yangu wa karibu ni mama mmoja anaitwa Mama Bwire, anaanika dagaa pale pale mchangani mbele ya baraza langu. Alipoona mawe yanashuka akaja, mikono bado ina magamba.

"Mwalimu, hayo mawe unayapeleka wapi?"

"Nayatoa mama, yanaharibu picha."

"Picha ya nini?"

"Ya wageni waone nyumba."

Akaangalia paa. Akaniangalia mimi. "Huku kwetu upepo unakujaga, mwalimu."

Hapa mtu mwenye akili angeuliza unakujaga lini, unatoka upande gani, unafanyaga nini. Mimi nilichukua kijiti, nikamchorea mchangani. Land breeze, sea breeze, mishale ya kwenda na ya kurudi. Nikamweleza kwamba hurricane inahitaji bahari yenye joto, na tena haitokei karibu na ikweta, kwa hiyo ziwa letu liko salama kabisa kitaalamu. Nilifundisha kama dakika kumi. Mama wa watu alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya mwalimu," akarudi kugeuza dagaa zake.

Mawe sikuyatupa. Niliyapaka chokaa, nikayapanga mistari miwili kutoka getini hadi mlangoni. Nilijiona nina jicho la kupamba.

Tangazo likaenda mtandaoni. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba hii ndiyo nyumba pekee kijijini inayoangalia ziwa. Nilidhani najisifia, kumbe nimetoa onyo.

Wateja wa kwanza walikuwa maharusi kutoka Tarime. Wamefunga ndoa Jumamosi, Jumatatu wako kwangu fungate. Nikaomba ruhusa shuleni niende kuwapokea mwenyewe.

Mchana ulikuwa mzuri. Jua kali, ziwa limetulia. Bibi harusi amekaa barazani anapiga selfie, bwana harusi anakula sato wa kukaanga, mimi nimesimama pembeni nimekunja mikono nyuma kama meneja.

Saa nane hivi, mbingu bado ya bluu, nikaona Mama Bwire na wenzake wanakunja nyavu walizoanikia dagaa. Wanakunja mbio mbio, wengine wanazikokota, wanakimbilia ndani.

Bwana harusi akauliza, "Hawa wamama vipi?"

Nikamjibu, tena kwa tabasamu, "Wanawapisha ili mpate privacy."

Wakuu, nilisema hivyo. Sijui niliitoa wapi.

Dakika kumi na tano baadaye, mbali ziwani pakatokea mstari mweusi. Ukawa unakuja. Maji yakabadilika rangi, halafu kukawa kimya kidogo hata mapazia yangu yakaacha kupepea.

Halafu upepo ukafika.

Kioo cha kwanza kilipasuka nikiwa bado natafuta ufunguo wa kufungia mlango. Upepo ukaingia kwa madirisha yale makubwa na haukuwa na pa kutokea, kwa hiyo ukaenda juu. Bati la kwanza lilinyanyuka taratibu, kama mtu anayefunua sufuria kuona kama ugali umeiva. La pili halikuwa na taratibu hizo. Baada ya hapo upande mzima wa ziwa ukaondoka na mbao zake, ukaruka juu ya vichwa vyetu, ukaenda kutua kwenye mihogo ya watu ng'ambo ya barabara.

Mvua ikaingia sebuleni kama mwenye nyumba.

Bibi harusi alikuwa chini ya meza, nywele za harusi zote zimelala. Akapaza sauti, "Kaka, ulisema wewe ni mwalimu wa nini?"

Sikutaka kujibu, ila mgeni ni mgeni. "Wa Geography."

Akajisogeza zaidi chini ya meza.

Kitaalamu nasisitiza, ile haikuwa hurricane. Bati ndilo halikuwa na habari na utaalamu.

Tulikimbilia kwa Mama Bwire, mita hamsini tu. Mle ndani kulikuwa kukavu, chai inachemka. Upepo unapiga ule ukuta wake usio na dirisha, sisi tunausikia kwa mbali. Akampa bibi harusi kanga kavu, akampa bwana harusi kigoda. Mimi akanipa chai, na wakati ananimiminia akasema polepole, "Mawe si yapo tu pale njiani, mwalimu. Na chokaa uliyapakaga vizuri."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananidhihaki au ananifariji.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Maharusi waliondoka jioni ile ile. Bwana harusi aliniandikia maoni mtandaoni, maneno manne tu: "Ziwa lipo, paa halipo."

Wiki iliyofuata nikaingia Form Two, mada kwa mujibu wa ratiba: local winds. Darasa lote wananitazama kwa huruma. Habari zilishafika Bunda.

Mpaka hapo mnaweza kucheka, hata mimi nacheka nikiwa na wenzangu. Sehemu inayofuata huwa siisimulii.

Mama sikumwambia.

Kila akipiga simu: "Nyumba inaendeleaje?" Namjibu, "Inaendelea, mama." Nikienda nabeba sukari, sabuni na mchele, nakata kwenye mshahara, namwambia hii imetoka kwenye nyumba. Maziwa ya pakiti niliyomwahidi nilipeleka mara mbili, nikasahau. Nikaishi hivyo miezi minne, nyumba iko wazi juu, kunguru wanaingia na kutoka.

Jumamosi moja nikaenda Butiama bila kutoa taarifa. Nikakutana na mama njiani, asubuhi, kanga begani, mkononi ana chupa tupu ya soda.

Aliponiona akaificha ile chupa ndani ya kanga.

Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema anaenda hapo kwa jirani mara moja. Nikamuuliza kuna nini. Akaona hana namna.

"Maziwa. Chai ya rangi inanisumbua tumbo."

Jirani mwenyewe ni yule ambaye watoto wake wote wamekuzwa na maziwa ya kwetu. Mama yangu, aliyekuwa akigawa maziwa, sasa anayafuata kwa chupa ya soda, na yeye ndiye anayeona aibu mbele yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaniuliza kama kawaida yake, "Nyumba inaendeleaje?"

Na mimi, mjinga kabisa, nikajibu, "Inaendelea, mama."

"Na wageni wanalala wapi, Makuru, na paa liko shambani kwa watu?"

Kumbe alishaambiwa mnadani na mfanyabiashara wa dagaa.

"Umejua lini, mama?"

"Wiki ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mwenye habari si ulikuwa wewe."

Hakupandisha sauti. Nililia pale njiani, mwanaume mzima mwenye digrii, watu wanapita na majembe wananisalimia. Mama akasubiri nimalize, akaniambia tuwahi, maziwa yanaisha mapema.

Baada ya hapo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikaenda kwa Mama Bwire kuuliza. Akanionyesha: madirisha ya ziwani zibeni, mlango hamishieni upande wa kilima, mawe rudisheni. Tukaokota mabati kwenye mihogo, tukayanyoosha kwa nyundo. Mawe yamerudi juu, bado meupe, ukiwa ziwani unayaona kutoka mbali. Upepo umeshapita zaidi ya mara tatu na paa lipo.

Wageni wa mjini hawaitaki tena, haina view. Wanaoitaka ni kikundi cha Mama Bwire, wamekodi kuhifadhia dagaa. Kila chumba kinanuka dagaa mpaka kwenye plasta.

Kodi ilipofika mahali pa kueleweka, nikamwambia mama nataka kumnunulia mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Akaniambia asante, ila kuchagua atachagua mwenyewe. Tukaenda mnadani. Akazunguka, akashika nyonga, akaangalia miguu na meno, akakataa watano. Muuzaji akanigeukia mimi kuzungumzia bei, mama akamwambia, "Zungumza na mimi. Huyu ni mtoto wangu, anashika kamba tu."

Nikashika kamba mpaka nyumbani.

Funzo langu, wakuu. Ukienda kununua nyumba popote, usianze kuangalia mandhari. Angalia majirani wamejengaje, na kama wote wamefanya kitu unachokiona cha kishamba, kaa chini uulize sababu kabla hujatoa cha mfukoni. Hilo la kwanza. La pili ni zito zaidi na sijapata namna nzuri ya kuliandika: mtu akikuamini kwa sababu umesoma, mwachie angalau ng'ombe wa maziwa.

Wenye uzoefu wa kufuta tangazo mtandaoni nisaidieni, kuna watu Arusha bado wanauliza nafasi ya sikukuu. Waliopigwa na viwanja vya ufukweni na wao wafunguke, nisijione niko peke yangu. Wa kucheka mcheke, nimewapa ruhusa.

Nitajibu comments nikirudi. Leo ni Jumamosi, niko Butiama, mtamba ana mimba ila bado miezi. Mama ameshabandika chai, na chupa ya kwenda kwa jirani ninayo mimi.